MWENYE NYUMBA NA MGUU WA MPANGAJI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

Ndugu yangu Muislamu, ninakuusia wewe na ninaiusia nafsi yangu tumche Allah. Karatasi ya Ijumaa hii inasema nawe baba mwenye parseli uliyepangisha watu, inasema nawe lokatere unayelipa kila mwezi, na inasema nami niliyeiandika, kwa sababu katika jambo hili nilikosea mbele yenu wote.

Msimu wa mvua uliopita, mama mmoja wa jamaa yetu alitoka usiku kwenda chooni. Mbao za choo zilikuwa zimeoza. Zilikatika, mguu ukaingia, paja likavunjika. Mume wake alikuwa amekwisha kumwambia mwenye nyumba mara mbili, na mara ya pili jirani alikuwapo anasikia. Jibu lilikuwa: mvua ikipungua nitaleta fundi. Mwenye nyumba huyo ni mtu wa safu ya mbele. Baada ya ajali alisema neno ambalo sisi sote tunalijua: ni qadar ya Allah.

Ijumaa iliyofuata tulichanga sadaka kwa ajili ya mgonjwa. Yeye naye alikuja, akatia noti yake ndani ya kapu, na mimi nikasimama nikamshukuru mbele ya watu na kumwombea baraka. Mama yule alilala miezi minne. Biashara yake ya samaki ilikufa, na kodi ya nyumba iliendelea kudaiwa kila tarehe moja kama kawaida. Shukrani ile inanisumbua hadi leo. Mtu alileta sehemu ndogo ya deni lake, nasi tukaliita sadaka.

Tuanze na hiyo qadar, maana ndiyo inayofunga watu kinywa. Kila kitu ni kwa qadar, hakuna Muislamu anayebisha. Lakini fungua Suratun-Nisaa, aya ya 92, usome habari ya mtu aliyemuua muumini kwa makosa, bila kukusudia. Je, kuna jambo la qadar kuliko hilo? Na bado Allah ameweka juu yake kumwacha huru mtumwa, na diya kwa watu wa marehemu ila wakisamehe wenyewe, na asiyepata mtumwa afunge miezi miwili mfululizo. Qadar haikufuta diya ya mtu ambaye hakukusudia. Itafutaje dawa na gips za mguu wa mtu uliyeambiwa mara mbili?

Sasa tuangalie vitabu vyetu. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), katika Minhaj ambayo wanafunzi wa madhhabu ya Shafii wanaisoma, ameeleza kwamba mwenye nyumba anapaswa kumpa mpangaji ufunguo, na matengenezo ya nyumba ni juu ya mwenye nyumba. Akiharakisha kutengeneza, vizuri. Asipoharakisha, mpangaji ana hiari ya kuvunja mkataba. Wanavyuoni wale walikuwa na uangalifu hata wakagawa kazi ya theluji: iliyo juu ya paa inaondolewa na mwenye nyumba, na ya uani inafagiliwa na mpangaji. Sisi huku theluji hatuijui, tuna mvua na mchwa, lakini umeona walivyoingia ndani ya mambo. Hawakuacha paa bila mtu wa kulijibu.

Kuna mas-ala mengine katika kitabu hicho hicho ninayotaka uyashike. Mtu amechimba kisima ndani ya ukumbi wa mlango wa nyumba yake. Mahali ni pake, hakuna aliyemdhulumu. Kisha akamwita mtu asiyejua, mtu akaingia, akaanguka. Kauli yenye nguvu katika madhhabu ni kwamba mwenye nyumba anadhamini, ingawa shimo liko ndani ya milki yake, kwa sababu ndiye aliyemwita. Basi lokatere ni nani? Ni mtu uliyemwita ndani ya parseli yako, na tena umepokea garanti yake kabla hajaingiza kitanda.

Utasema: lakini huyu wa choo alijua kama mbao zimeoza. Ni kweli, na swali hilo si la kupuuzwa. Aliyechimbiwa kisima hakujua, huyu alijua. Hapa tazama mas-ala ya ukuta uliopinda. Katika madhhabu yetu, aliyejenga ukuta umeinama kuelekea njia anadhamini ukianguka. Aliyeujenga umenyooka, kisha ukainama wenyewe, kauli iliyotangulizwa ni kwamba hadhamini, na kauli ya pili ni kwamba anadhamini kama aliweza kuubomoa au kuutengeneza asifanye. Wafuasi wa Imam Abu Hanifa wameweka alama iliyo wazi zaidi: ni onyo. Akiambiwa na mwenye haki ya kusema kwamba ukuta wako utaanguka, uubomoe, na muda wa kutosha ukapita, basi kilichoharibika ni juu yake. Majalla ya dola ya Uthmaniyya, iliyoandikwa kati ya 1869 na 1876, iliifuata kauli hiyo. Kwa mtazamo huu, mpangaji kujua na kukwambia hakukuokoi wewe. Ndiko kulikokufunga. Tangu siku ile aliyoongea mbele ya jirani, kila usiku watu wake walipoingia chooni, hesabu ilikuwa yako. Haisemwi kwamba mpangaji hana sehemu kabisa. Angeweza kutandika ubao akakata gharama katika kodi, na mwamuzi anaweza kumuuliza kwa nini hakufanya. Lakini sehemu yake si yote, na yako si noti moja ya kapu.

Wako wanaosema kwamba hayo ni ya vitabu vya Waarabu, hapa ni Kongo. Haya, tuchukue ya Kongo. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ndiyo Kitabu cha Tatu cha kode sivile, imetoka wakati wa Leopold wa Pili na ingali inatumika. Kifungu cha 258 kinamlazimisha aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake kulipa. Cha 259 kinaongeza uzembe na kukosa uangalifu. Cha 260 kinaingiza vitu ulivyo navyo chini ya ulinzi wako, na hapo fikiri yale mawe tunayopanga juu ya manjanja badala ya misumari, upepo ukija yaanguke juu ya watoto. Cha 262 kinamtaja mwenye jengo waziwazi: jengo likibomoka kwa kukosa matunzo au kwa ubaya wa ujenzi, yeye ndiye anayejibu. Zaidi ya malipo, kode penale nayo inamhesabia kosa aliyeua au kujeruhi kwa kukosa tahadhari, hata kama hakukusudia. Tena sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 imeweka kwamba garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Wale wanaodai sita na kumi, kisha choo hakina mlango, wajiangalie.

Nimeonyeshwa karatasi ya mkataba iliyoandikwa kwamba mwenye nyumba hatajibu ajali yoyote itakayotokea. Usiitegemee karatasi hiyo mbele ya Allah. Katika madhhabu yetu, mtu hasamehewi deni ambalo bado halijaingia. Mpangaji hawezi leo kukusamehe mguu ambao utavunjika mwakani. Na alitia saini kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha juu ya watoto wake.

Nawe lokatere, usifurahi mapema. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwenye kudai ndiye anayeleta ushahidi, na mwenye kukana anaapa. Kifungu kile cha 262 nacho hakikupi kitu kwa kilio tu: inatakiwa ionekane kwamba jengo liliharibika kwa kukosa matunzo au kwa ujenzi mbaya. Kwa hiyo ukiona ufa, sema mapema. Sema mbele ya watu wawili, au andika barua mbili, moja abaki nayo, ya pili atie saini ukae nayo. Piga picha kwa simu. Ukiumia, weka fakture za hospitali, na ziwe za kweli. Tunajua wanaoenda kwa muuguzi kuomba aongeze sifuri moja. Hiyo ni haramu hata kama mwenye nyumba ni dhalimu. Uliyevunja wewe mwenyewe ni yako, na tufani iliyong'oa mapaa ya kartye nzima, mabovu na mazima, haina wa kumshitaki.

Mkigombana, kwanza mkae mbele ya wazee kwa sulhu: dawa, siku alizokosa kazi, kodi ya miezi aliyolala. Kilichokubaliwa kiandikwe. Aliyekataa sulhu asilaumu mwenzake akienda kwa avoka na tribinali. Kumwita mtu asiye na imani kwa sababu amedai haki ya mguu wake ni dhuluma ya pili.

Lililobaki linatuhusu sisi wa kamati. Vyumba vile vya wakfu nyuma ya msikiti ni vyetu sote, na kodi yake ndiyo inayonunua mafuta ya jenereta na hii karatasi unayoisoma. Ukuta wa upande wa bondeni una ufa unaoingia kidole. Wapangaji walituambia mwezi wa Ramadhani. Tuliwajibu kama yule ndugu alivyojibu, mvua ikipungua. Basi kodi ya miezi miwili ijayo haitaingia katika sanduku, fundi anaanza Jumatatu baada ya alfajiri, na familia mbili za upande ule zitalala darasa la madrasa mpaka ukuta umalizike. Mwenye saruji au miti alete. Na yule mama, mume wake ameitwa pamoja na mwenye nyumba wake Jumapili baada ya dhuhuri. Nitakuwapo, na nitaanza mimi kwa kuirudisha shukrani yangu.

Wabillahi tawfiq.

Karatasi hii ina majina ya Allah na Mtume wake. Usiitupe chini wala usifungie maandazi. Ukimaliza kusoma mpe mwenzako.