Je, Aliyepona Amepona?

Ni desturi ya watu wetu wa Handeni na Korogwe, mgonjwa akirudi hai kutoka hospitali, majirani huja kumpa pole, na sote twasema, "Amepona." Ni neno jema. Lakini twauliza, ndugu wasomaji, kama latosha kwa mtoto aliyeshikwa na homa ya uti wa mgongo.

Maradhi haya ni uvimbe wa ngozi nyembamba zinazofunika ubongo na uti wa mgongo. Yaletwayo na bakteria ni makali sana: katika watu 6 waliougua, yapata 1 hufa, na katika 5, yapata 1 hubaki na madhara makubwa. Chanjo walizoanza kupewa watoto wa Tanzania mwaka 2009 na mwisho wa 2012 hukinga baadhi ya vijidudu vyake, si vyote. Wako wanaobaki na kifafa, wako ambao mguu hulegea, na wengi hupoteza kusikia.

Mguu uliolegea watu huuona, wakampisha mwenyewe njiani. Uziwi hauonekani. Mtoto huitwa asiitike. Hutumwa chumvi akaleta ndoo. Basi huitwa mkaidi, akachapwa, au husemwa kuwa amerogwa. Shuleni huwekwa nyuma, mahali asipomwona hata mwalimu midomo. Kumbe masikio yake yangalipimwa kabla hajatoka hospitali, au katika majuma 4 baadaye! Mzazi asingoje kuambiwa, aombe.

Wako wasemao kwa siri, "Afadhali angalikufa." Neno hili twalikataa, kwani asemaye hupima maisha ya mwenzake kwa masikio yake mwenyewe. Kiziwi aliyefunzwa lugha ya alama, kama wanavyofunzwa watoto katika shule ya viziwi ya Tabora, ana la kusema na wa kumwambia. Mwenye dhiki ni yule aketiye barazani kati ya ndugu zake, wakacheka, asijue wanachocheka, wala hapana amgeukiaye. Dhiki hiyo haikuletwa na homa. Tumeileta sisi.

Wala hatusemi hasara si hasara. Mwenye kifafa ahitaji vidonge kila siku, na kutoka vijiji vya ndani vya Handeni njia ya hospitali ni ndefu, tena ya fedha. Siku mama anapompeleka, nani atamlimia shamba lake?