Jiwe Lililorudishwa kwa Posta

Neno la kutafakari: Lk 19:1-10



Leo twende jangwani kidogo, kule kusini magharibi mwa Marekani. Kuna watu huko ambao wikiendi ikifika wanabeba ndoo, nyundo na maji ya kunywa, wanaenda kutafuta akiki. Ndiyo akiki ile ile ya pete za wazee wa pwani, na ndiyo inayotajwa katika Kutoka 28 kati ya mawe kumi na mawili ya kifuko cha kifuani cha Haruni. Ukiikuta chini unaweza kuiruka tu. Kwa nje ni jiwe la kawaida, limejaa vumbi. Wazoefu hutembea jua likiwa chini mbele yao, kwa sababu akiki hupitisha mwanga kidogo na kung'aa. Wengine hulilamba jiwe! Ndiyo, wanalilamba kabisa, maana likilowa rangi zake zinaonekana.

Hapo hakuna dhambi. Kule New Mexico kuna sehemu inaitwa Rockhound State Park, ambako mgeni anaruhusiwa kuondoka na mawe hadi ratili 15, karibu kilo 7. Chukua, furahi, mshukuru Mungu.

Lakini jimbo la jirani, Arizona, kuna hifadhi ya taifa ya Petrified Forest. Zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita miti mikubwa ilifukiwa pale, maji yenye madini yakaingia ndani ya magogo, na polepole mbao ikageuka jiwe. Magogo mengine yamekuwa akiki, yana wekundu, manjano na zambarau. Vipande vimetapakaa chini kama kuni zilizopasuliwa. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliliweka eneo hilo chini ya ulinzi, na sheria ni kwamba huchukui hata kipande cha kujaa kiganjani. Ukitaka jiwe, nje ya hifadhi kuna maduka yanayouza mawe yaliyotoka kwenye mashamba ya watu binafsi, kwa halali.

Pamoja na hayo, watu wanaiba. Kila mmoja anajiambia, "Kadogo haka, nani ataona?"

Halafu kinatokea kitu cha ajabu. Baada ya miezi, wengine baada ya miaka mingi, vifurushi vinafika hifadhini kwa posta. Ndani kuna jiwe na barua. Watu wanaomba msamaha. Wengi wanasimulia mikosi: tangu nichukue jiwe hili nimeugua, ndoa imevunjika, kazi imekwisha, tafadhali lipokeeni. Barua hizo zimekuwa nyingi kiasi kwamba baadhi zimewekwa kwenye makumbusho ya hifadhi.

Nilipojua habari hii sikucheka. Mimi pia nilikuwa na jiwe langu.

Nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha vijana parokiani. Tulikuwa tunachanga kwa ajili ya hija. Mwenzetu mmoja alikuwa analipa kidogo kidogo, leo elfu mbili, wiki ijayo elfu tano, hela ya kubeba mizigo sokoni. Siku moja nilibanwa, nikatumia shilingi 20,000 zake kabla sijaziandika kwenye daftari. Nikajiambia, Jumamosi nitarudisha. Jumamosi ikapita. Siku ya kufunga orodha jina lake likaonekana halijakamilisha. Akaniambia, "Lakini kaka, si nilikupa?" Nikamjibu mbele ya watu wote kwamba labda amesahau, ajaribu kukumbuka vizuri.

Basi liliondoka bila yeye. Mimi nilikuwemo ndani, naongoza rozari.

Baada ya hapo simu yangu iliibiwa, halafu nikafeli somo nililolitegemea. Nikaanza kuogopa: hii ni laana. Nikaenda kuungama, na ile dhambi nikaichomeka katikati ya nyingine, haraka haraka: "...na niliiba hela." Padre alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Mwenye hela anajua?"

Nilikaa kimya.

Vijana wenzangu, hapa ndipo tunapojikwaa wengi. Kuna kutubu kwa sababu mambo yangu yameharibika, na kuna kutubu kwa sababu nimemuumiza mtu na kumchukiza Mungu anayenipenda. Kanisa halidharau ile hofu ya kwanza. Katekisimu (KKK 1453) inafundisha kwamba hata majuto yasiyo kamili, yanayotokana na ubaya wa dhambi au hofu ya adhabu, ni zawadi ya Mungu na msukumo wa Roho Mtakatifu. Yanaweza kukufikisha kwenye kiti cha maungamo, na ukifika huko sakramenti inakupokea. Lakini usiishie hapo. Ukirudisha jiwe ili mkosi ukuondokee tu, bado unajifikiria mwenyewe. Unamfanya Mungu kama mzimu wa kutulizwa. Mungu wetu hakufuatilii na ugonjwa kwa sababu ya kokoto. Anakufuatilia kwa sababu anakutaka wewe.

Mtazame Zakayo. Yesu alimwita ashuke mtini na akaenda nyumbani kwake kabla Zakayo hajarudisha hata senti. Hakununua msamaha. Upendo ndio uliotangulia kuingia mlangoni. Na kwa sababu upendo umeingia, Zakayo anasimama mbele ya watu na kutaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na kila niliyemdhulumu, mara nne. Hakusema "samahani kwa yeyote niliyemkwaza." Alizungumza habari za watu na kiasi.

Ndiyo maana KKK 1459 inasema wazi kwamba maondoleo huondoa dhambi, ila hayatengenezi madhara yote ambayo dhambi imeyasababisha. Kilichoibwa kirudishwe. Jina lililochafuliwa lisafishwe.

Nilimtafuta yule mwenzetu. Nikampa hela yake, nikamwambia ukweli. Na kwa kuwa nilimwaibisha mbele ya kikundi, Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kikundi hicho hicho nikasema nilichofanya, nikaacha uweka hazina. Alizihesabu zile hela taratibu. Akasema, "Asante. Ila hija ilishapita, kaka."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Kule Petrified Forest ni vivyo hivyo. Mawe yanayorudishwa kwa posta hayawezi kurudishwa yalipokuwa. Kwa wanasayansi, mahali kila kipande kilipolala ni sehemu ya habari yake, na habari hiyo imepotea. Wakiyatupa popote wataharibu zaidi. Kwa hiyo huyamwaga kwenye rundo moja, ambalo watu wameliita rundo la dhamiri. Jiwe limerudi nyumbani, lakini si mahali pake.

Je, barua zile zilikuwa kazi bure? Hapana. Mkono uliofumba umefumbuka. Ila zinatufundisha kuona dhambi kwa uzito wake, kabla hatujainama kuokota. Msamaha wa Mungu ni kamili, na bado kuna hija ya mtu ambayo hutaweza kumrudishia. Hilo lisikukatishe tamaa. Likufanye mnyenyekevu, na likufanye uwe mwangalifu na cha mwenzako.

Sasa ni zamu yako. Jiwe lako liko wapi? Mchango wa kikundi? Simu uliyookota na namba ya mwenyewe ilikuwa inaita? Maneno uliyorusha kwenye grupu kuhusu dada fulani, wakati hujui hata ukweli wake?

Kazi ya wiki hii: kabla ya kwenda kuungama, chukua karatasi, andika jina moja tu la mtu unayedaiwa. Andika na unachodaiwa. Kama ni hela, panga tarehe. Kama mwenyewe hapatikani tena au amefariki, mwombe padre ushauri. Kisha nenda, usichelewe.

Tuombe. Bwana Yesu, uliingia nyumbani kwa Zakayo bila kumsubiri awe msafi. Ingia na kwetu. Tupe majuto yanayomwona tuliyemuumiza, na ujasiri wa kubisha hodi kwake. Na yale tusiyoweza kuyarudisha mahali pake, uyapokee wewe mikononi mwako. Amina.