Mtoto Yule Yule

Soma 2 Samweli 12:15–24. Kwa nini Daudi aliinuka na kula baada ya mtoto kufa?

Tarehe 5 Julai 1996, katika Taasisi ya Roslin karibu na Edinburgh, Scotland, alizaliwa kondoo aliyeitwa Dolly. Hakuwa na baba. Wanasayansi walichukua seli ya kiwele cha kondoo mzima, wakaiunganisha na yai lililoondolewa kiini chake, kisha wakapandikiza kiinitete katika tumbo la kondoo mwingine. Waliunganisha mayai 277 hata akapatikana mwana-kondoo mmoja. Mimba nyingi za namna hii huharibika, na baadhi ya wanaozaliwa huwa na kasoro. Hayo peke yake yatosha kumzuia mtu asiyajaribu kwa binadamu.

Faida zipo, wala Mkristo hana sababu ya kuzikana. Mkulima apandaye chipukizi la mgomba hupata nakala ya mgomba mama, ndizi zile zile (na udhaifu ule ule, ugonjwa ukiingia shambani). Mwaka 1997 Roslin walimpata Polly, kondoo aliyetiwa jeni ya binadamu ili maziwa yake yatoe protini ya kuwasaidia watu ambao damu yao haigandi.

Lakini kutengeneza dawa ni jambo moja, na kumrudisha aliyekufa ni jingine. Mzazi aliyefiwa aweza kutamani mtoto wake anakiliwe kutokana na seli zake. Nani atamlaumu? Hata hivyo, mapacha wa kufanana hutoka katika yai moja, na mmoja akifa, mama hasemi kwamba bado anaye. Humlilia yule aliyekufa. Mtoto aliyenakiliwa angekuwa pacha aliyechelewa kuzaliwa, akilelewa huku akipimwa kwa picha iliyo ukutani.

Daudi alijua kwamba mtoto hatamrudia. Baadaye Bathsheba alimzaa Sulemani, naye hakuwa yule wa kwanza, alikuwa Sulemani.

Soma Ayubu 19:25–27 na 1 Wathesalonike 4:13–17. Ayubu hakutazamia mfano wake umwone Mungu kwa niaba yake. Na Bwana atakaposhuka, watakaofufuka ni wale wale waliolala katika Yeye.

Mzazi aliyezika mtoto akikuuliza kama sayansi ingeweza kumrejesha, utaanza na jibu gani, na ni lipi utakalolinyamazia mpaka amalize kulia?