Watajeni Mliowazika

Wanangu, nimeketi katika matanga mengi ya watoto, Voi hadi Mbololo, na maneno ni yale yale: mama ana mkosi, ama kuna mtu wa ukoo mwenye hasira. Wazee wetu walifanya tambiko la kutasa kuiondoa hasira hiyo, nami siwadharau. Lakini hasira ya mjomba haioti utando mweupe mdomoni mwa mtoto.

Utando huo mnaujua. Ukiufuta kwa kitambaa, chini pako pekundu, pengine panatoka damu. Ni kuvu. Watoto wachanga wengi huupata, wakapewa matone, ukaisha. Ukirudi kila mara, naye mtoto hanenepi na kifua hakimpoi, acheni kuzunguka madukani mkinunua dawa. Mpelekeni hospitali. Kipimo cha HIV ndicho cha kwanza. Kikionyesha hana, msidhani safari imeisha. Ziko kasoro za kinga zaidi ya 450 ambazo mtu huzaliwa nazo, na wazazi wake huenda ni wazima kabisa.

Katika mojawapo, iliyoelezwa na madaktari wa Marekani miaka ya 1950, chembe nyeupe za damu humeza kuvu zikashindwa kuiua. Huwapata zaidi wavulana, maana mara nyingi hupitia kwa mama asiyeumwa. Kila mwana wa kiume wa mama huyo ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi. Mtoto wa aina hiyo mkimtuma ghalani kupepeta mahindi yaliyoota ukungu, ama kuchimbua mboji, vumbi analovuta laweza kumletea nimonia ya kuvu ikamwua. Nyingine hutoka kwa wazazi wote wawili, kama ile ya jeni ya CARD9 iliyotambuliwa mwaka 2009 katika ukoo mmoja wa Irani. Hapo ndoa za watu wa damu moja huongeza hatari.

Sasa sikieni ombi langu. Daktari akiuliza mama amezaa wangapi, sisi huhesabu walio hai. Hapo ndipo tunapojiroga wenyewe. Mtajeni aliyekufa akiwa mchanga, watajeni na kaka za mama waliofia utotoni, maana vifo hivyo huweza kumwonyesha daktari kasoro ya kurithi. Baba mkwe asikohoe ili mkaza mwana anyamaze. Tena semeni kabla mtoto hajadungwa BCG, kwa kuwa chanjo hiyo ina vijidudu hai na baadhi ya watoto wenye kasoro hizi hawaihimili. Sisemi mkatae chanjo, inaokoa wengi. Nasema mwambieni muuguzi, daktari aamue.

Wazee wetu wa Dawida, huku Taita, walihifadhi mafuvu ya wakubwa wao mapangoni ili ukoo usiwasahau. Sisi jina la mtoto linatushinda?

Kasoro ikijulikana mapema, zipo dawa za kinga za kila siku, septrini kwa bakteria na itrakonazoli kwa kuvu, na wapo wanaopona kwa kupandikizwa uboho. Ikifichwa, tutakutana tena matangani tukimsaka mchawi. Leo jioni kaeni na nyanya, awatajie waliokufa wadogo, upande wa mama na upande wa baba, muwaandike ndani ya kitabu cha kliniki.