Vidonge vya Nguvu: Neno kwa Wajukuu wa Ukunda na Msambweni

Wajukuu zangu, nisikilizeni kabla pesa hazijawaisha. Siku hizi kuanzia Likoni mpaka Lunga Lunga mtu hakosi wa kumuuzia vidonge: vya damu, vya kunenepa, vya kukonda, vya nguvu za kiume. Muuzaji anasifu, kopo linameta, nanyi mnauliza bei tu. Ulizeni kwanza: kikinidhuru, nani atajibu?

Geuza kopo. Tafuta jina la mtengenezaji na mahali alipo, nambari ya toleo, tarehe ya kuharibika, na kiasi cha kila vitamini kwa miligramu au maikrogramu. Lililoandikwa "mitishamba ya asili" pasipo kipimo hata kimoja, mrudishie mwenyewe. Nunueni katika duka la dawa lililosajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Duka kama hilo lina nambari yake ya usalama ukutani, na ukiituma kwa ujumbe kwenye 21031 utajulishwa kama ni halali. Wala msilewe na maandishi ya ng'ambo. Huko Marekani, chini ya sheria ya 1994, mwenye kuuza virutubisho halazimiki kuithibitishia serikali kwamba vinafaa ndipo aviuze. Kopo aliloacha mtalii hotelini Diani, likakaa juani siku ngapi hujui, si bora kwa kuwa lilipanda ndege.

Ninachowaogopea hasa ni hilo neno "asili". Mitishamba inayofanya kazi usiku uleule ulioimeza itilie shaka. Wakaguzi wa dawa katika nchi mbalimbali wamekuta vidonge vya nguvu za kiume vinavyoitwa vya asili vimetiwa sildenafil, dawa iliyomo ndani ya Viagra, na kopo halisemi. Mtu anayetumia dawa ya moyo ya nitrati akimeza hicho, shinikizo la damu linaporomoka, naye anaweza kufa. Na nyinyi mabinti mnaotafuta umbo, deksamethasoni ni dawa ya hospitali, wala si vitamini. Wapo wanaoiuza ya kunenepesha. Uso unajaa, mashoga wanakusifu, kumbe sukari inapanda na mifupa inadhoofika. Mwili ukishaizoea, hata kuiacha ghafla ni hatari. Nenda kwa daktari akupunguzie kidogo kidogo. Msione haya kumwambia mlichokuwa mkimeza.

Vitamini yenyewe, hata iliyo safi, ina kiwango chake. Ya C ikizidi, nyingi hutoka na mkojo. Ya A hubaki mwilini ikajilimbikiza, na mama mjamzito akimeza nyingi inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Vidonge vya madini ya chuma navyo viwekeni mbali na watoto. Vichache tu vinaweza kumuua mdogo anayevidhani peremende.

Halafu kuna hili la kwetu. Kijana wa Kwale akichoka, akipauka, mbio kwa muuza makopo. Pwani yetu hii inajulikana kwa kichocho, na safura ipo, na malaria ipo. Minyoo ikikunyonya damu, kumeza vidonge vya damu peke yake ni kujaza mtungi uliotoboka. Kapimwe mkojo, choo na damu kwanza, hospitali ya Msambweni au zahanati iliyo karibu. Mara nyingine tiba itakuwa dawa ya minyoo tu, na mboga ya mchunga, kunde na dagaa nyumbani.

Wajawazito, kidonge mnachopewa kliniki, cha chuma miligramu 60 na foliki maikrogramu 400, kinazungumza wazi kuliko makopo yote ya stendi: kipimo kinajulikana, aliyekupa anajulikana. Nasikia wengine mnavitupa kwa sababu choo kimekuwa cheusi. Hiyo ni kawaida ya chuma. Kikikuchafua moyo, kimeze baada ya chakula au usiku, na chai isubiri saa moja au mbili, kwani chai huzuia chuma kuingia mwilini. Kikikushinda kabisa, mwambie muuguzi akushauri.