Leo ni Ijumaa

Weka hizo chipsi mezani, baba. Zitapoa, lakini hazitakufa. Kaeni wote wawili. Si kiti hicho, mguu wake mmoja umelegea, vuteni kigoda. Sijaja kugombana. Ugomvi niliumaliza zamani, na haya maneno machache yaliyobaki nayasema nikiwa nimeegemea ukuta.

Jana nilimtengea mjukuu wangu mboga ya osuga. Nilikuwa nimeichemsha juzi, nikamwaga maji ya uchungu, nikaitia maziwa, ikalala, nikaipasha tena asubuhi na kuiongeza maziwa, kama alivyofanya mama yangu. Mtoto akaitazama kama amepewa dawa ya minyoo. Halafu akaniuliza mimi bibi yake, "Dani, Ijumaa ni lini?" Nikamwambia kesho. Akasukuma sahani taratibu, kwa adabu kabisa, akaamua kungoja.

Yuko chekechea, PP2. Ukimwambia ataje siku za juma kwa mpango, anaruka Jumatano. Lakini anajua baba yake hulipwa siku gani na siku hiyo huja na karatasi ya chipsi mkononi.

Mnaniambia mnamfundisha. Ni kweli, nimewasikia: chipsi zina mafuta, soda itakutoboa meno, soseji hujui imetiwa nini. Nilifundisha darasa la kwanza miaka mingi, nikameza vumbi la chaki mpaka kifua kikakataa, na nililojifunza ni hili: mtoto wa umri huo hashiki neno, anashika mkono. Huangalia mkono wa mzazi umebeba nini siku mzazi amefurahi. Akileta alama nzuri, chipsi. Akidungwa sindano akalia, soseji na kachumbari. Tukitoka kanisani na viatu vipya, kuku wa kukaanga na soda. Akikosea je? "Leo utakula ugali na mboga, hutaki, lala." Mboga tumeigeuza kiboko, kisha tunashangaa mtoto akiikimbia.

Nasema tumeigeuza, maana karatasi ya kwanza niliinunua mimi. Mama, ulikuwa kazini, naye mtoto alikuwa hajafika hata miaka miwili. Nani asiyeujua mtaa wetu wa Migosi jioni? Hutembei mbali kabla hujakutana na kabati la kioo lenye balbu ndani, viazi vimerundikwa vinang'aa, mvuke unakufuata hadi mlangoni. Alianza kulia. Magoti yalikuwa yananiuma. Nikatoa shilingi 50. Akanyamaza papo hapo, nami nikafurahi kuliko yeye. Chipsi zinapendwa na watoto, ndiyo, lakini anayezipenda zaidi ni mtu mzima aliyechoka.

Kijana wa kibanda simlaumu. Anamenya viazi tangu asubuhi, na watoto wake nao wana karo. Lakini chunguzeni mafuta yake siku mtakayopita mapema kabla hajawasha jiko, mwone rangi yake. Yamekaanga jana, yamekaanga juzi. Na chumvi je? Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asipitishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima. Mtoto mdogo anahitaji chini ya hapo. Sasa hesabuni chipsi, soseji na ile sosi nyekundu.

Wala msinijibu kwamba mtoto wenu si mnene. Mnapoonywa juu ya vyakula hivi mnadhani hatari ni tumbo kubwa tu. Utafiti wa kitaifa hapa Kenya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 3 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wana uzito uliozidi, lakini waliodumaa walikuwa 18. Yako mengi yanayodumaza mtoto, maradhi na ufukara yakiwamo, na sisemi chipsi ndizo zilizowadumaza wale 18. Ninachowaambia ni kwamba mtoto aliyeshiba viazi na soda hali tena, na tumbo lake likijaa hivyo kila mara, mwili unabaki unangoja.

Na tunafanya haya tukiwa kando ya ziwa! Hili ndilo linalonichosha. Mbuta tunamchuna minofu ikasafirishwe Ulaya, sisi tukakaange mgongo wazi, yale mabaki ya mifupa. Haya, hiyo ni biashara. Lakini omena, wale dagaa wetu? Anavuliwa hapa, anaanikwa hapa, analiwa mzima na mifupa yake, na sehemu kubwa inanunuliwa kwa magunia ikasagwe chakula cha kuku. Mtoto anakataa omena, omena anakwenda kwa kuku, kuku anakwenda kwenye mafuta, mtoto anamla kuku. Amekula omena kwa njia ndefu, na kila kituo baba yake amelipa. Na viazi navyo ni vile vile: Januari 2022 si mnakumbuka wale wa mgahawa wa KFC walivyoishiwa chipsi nchini kwa sababu viazi vyao vilitoka ng'ambo na meli zilichelewa? Wakulima wa Nyandarua walikuwa na viazi mashambani. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Halafu kuna Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha hapo Maseno kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Utotoni mwili wake ulikataa vyakula vya wanyama, ikabidi akuzwe kwa mboga. Hizo hizo osuga, dek na apoth, ambazo wasomi wengine waliziita magugu, yeye akazifanya kazi ya maisha yake. Hakuna aliyempa mboga kama adhabu. Zilikuwa chakula chake.

Basi nawaomba nini? Msizipige chipsi marufuku. Mtoto aliyekatazwa nyumbani atakula kwa jirani, tena kwa siri. Ziondoeni tu kwenye kiti cha mfalme. Zikija, zije siku yoyote, ziwe kidogo, zikaangwe hapa kwa mafuta mapya, na zisiwe malipo ya kitu chochote. Furaha yake itafutieni mahali pengine: Jumapili nitakwenda naye sokoni Kibuye, achague mwenyewe fungu la mboga na apatane bei kwa sauti yake ndogo. Jioni atanisaidia kuchambua majani. Dek ikimshinda kwa uchungu, nitaichanganya na mboga ya ododo. Akikataa, nitamtengea tena bila maneno. Darasani niliona watoto wakikataa kitu mara nane, mara kumi, kisha siku moja wakakila kama hakijawahi kutokea kitu.

Usitazame saa, baba, ninamaliza. Mama, niletee ile osuga iliyobaki, leo imekolea. Zile chipsi zitoe kwenye karatasi, zitie sahani moja katikati kila mtu adonoe. Unamwona yule nyuma ya pazia? Ametuchungulia muda wote huu. Wewe baba yake, anza na osuga. Usimwambie kwamba ni tamu. Kula tu.