Sufuria Moja au Mbili?



Kisukari kinapoingia nyumbani, watu hukimbilia kumwuliza daktari: mgonjwa ale nini, asile nini? Swali hilo lina majibu, nasi tutayagusa. Lakini lipo jingine ambalo daktari haulizwi, nalo huvunja amani ya nyumba hata kabla ugonjwa haujaudhuru mwili. Yule asiyeumwa ana haki gani juu ya sahani ya mwenzake? Je, amlinde kama mtoto, au amwache ale apendavyo kwa kuwa ni mtu mzima mwenye akili zake?

Tulitazame swali hili tukiwa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, maana pale si rahisi hata kidogo. Familia ya Kikatoliki inayokaa katika vichochoro vile huenda Misa kwa miguu hadi Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, barabara ya Nkrumah, lakini chakula chake ni kile kile cha majirani. Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi. Alasiri viazi karai na bajia vinatoka motoni, na harufu haiulizi nani ana sukari na nani hana. Jioni ni kahawa barazani. Kahawa chungu yenyewe haina neno. Tabu ni kashata na halwa zinazoifuata. Mchana ndipo unapokuja wali wa nazi, na mtu wa pwani akinyimwa wali wa nazi huona kama amefukuzwa kwao.

Basi mama, akishaambiwa na daktari kuwa mumewe ana kisukari, hufanya nini? Wengi hutafuta sufuria ya pili. Kubwa ni ya watoto na wageni, ndogo ni ya baba: mboga ya kuchemsha isiyo na ladha, kipande cha ugali, maji. Anafanya hivyo kwa upendo, tusimlaumu. Lakini baba anaketi kwenye meza yake mwenyewe mithili ya mgeni aliyekuja na chakula cha hospitali, huku watoto wakimkodolea macho. Wiki ya kwanza anavumilia. Wiki ya tatu anapita barazani kabla ya kurudi nyumbani, na vita vimeanza.

Fikra ya kwamba kumtunza mgonjwa wa sukari ni kumnyima chakula ina asili yake. Kabla insulini haijagunduliwa huko Toronto, Kanada, mwaka 1921, madaktari hawakuwa na njia nyingine ya maana. Waliwalaza wagonjwa na njaa ili kuwaongezea siku chache za kuishi. Leo hali sivyo ilivyo. Sahani inayoshauriwa kwa mwenye kisukari ni hii: nusu yake iwe mboga, kama mchicha, mchunga, bamia, biringani, kabichi au kachumbari, robo iwe samaki, kuku, mayai au jamii ya kunde, na robo iliyobaki iwe wali, ugali, muhogo au chapati. Itazameni vizuri. Kuna kitu gani hapo ambacho mtoto wa miaka kumi au mama mwenye afya hapaswi kula?

Kwa hiyo mimi nasema sufuria iwe moja. Wali wa nazi upikwe, lakini usijaze sahani huku mchuzi ukiwa alama tu pembeni. Ugeuzeni, samaki na mboga viwe vingi na wali uwe robo. Tui zito lipunguzwe, maana nazi haipandishi sukari kama wali unavyopandisha, ila ina mafuta mengi, na mwenye kisukari ana hatari zaidi ya ugonjwa wa moyo. Mbaazi ni chakula kizuri, tena kizuri sana. Zijae bakuli, na hamri liwe moja badala ya manne. Pojo, kunde na maharagwe yarudi mezani mara nyingi, nayo hayafilisi mtu. Chai inyweke bila sukari, na wote wazoee pamoja. Ulimi wa mtu hubadilika kwa majuma machache tu. Soda isikae nyumbani kama kinywaji cha kila siku, kwa sababu chupa ya mililita 300 ina sukari ya takriban vijiko vidogo saba au vinane, na hakuna mama ambaye angemwekea mwanawe vijiko vinane katika kikombe kimoja cha chai akamwangalia anywe. Sufuria moja hupunguza gharama ya makaa au gesi pia, jambo ambalo wenye kupika wamekwisha kuliona kabla sijasema.

Lakini sababu iliyo kubwa zaidi si gharama. Siku ya harusi mliahidiana uaminifu katika afya na katika ugonjwa. Wengi huielewa ahadi hiyo kuwa ni kukaa kando ya kitanda na kubeba maji ya uvuguvugu. Mara nyingi ugonjwa wa siku hizi haumlazi mtu kitandani. Unakaa naye mezani, mara tatu kwa siku, miaka thelathini. Uaminifu katika ugonjwa wa namna hiyo ni kula pamoja naye.

Hapo baba mmoja atasema, “Mke wangu, asante, lakini mwili ni wangu. Nikifa, nimekufa mimi.” Wapendwa, hapo ndipo lilipo tatizo. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mume hana mamlaka ya peke yake juu ya mwili wake, wala mke juu ya wake. Kila mmoja ni wa mwenzake. Katika semina za ndoa fundisho hilo huelezwa kwa habari ya tendo la ndoa, kisha tunafunua ukurasa mwingine. Lakini mwili ni mwili. Ule mguu unaoweza kupata kidonda kisichopona ni mguu wa wawili. Macho yanayoweza kupofuka ni ya wawili, na figo vivyo hivyo, kwani atakayekupeleka kusafishwa damu, na kukushika mkono ngazi za nyumba zile ndefu za Mji wa Kale, ni huyo huyo unayemwambia mwili ni wako. Hata katika faragha yenu, kisukari kisichodhibitiwa huharibu mishipa, mume akashindwa kutimiza tendo la ndoa. Naye mke, kwa kutojua, hudhani amechukiwa au kuna mwanamke mwingine. Ndoa zimelia kwa dhana hiyo, na tiba ilikuwepo zahanati.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba uhai na afya ni vipawa vya thamani tulivyokabidhiwa na Mungu, na kwamba kiasi katika chakula ni sehemu ya fadhila. Kwa hiyo yule asemaye mwili ni wake hana ukweli wote.

Lakini je, mke naye ana ukweli wote? La hasha. Mamlaka ambayo Paulo anayataja ni ya pande mbili, na hayakumpa yeyote cheo cha askari. Kuna mambo ambayo yanafanyika kwa jina la upendo na ni makosa. Kumwuliza mtoto, “Baba alikula nini mlipokwenda mjini?” ni kumfanya mtoto mpelelezi wa babake. Kumwambia mume mbele ya wageni, “Wewe usiguse hiyo,” ni kumvua nguo hadharani. Na kuna kosa lililojificha zaidi, yaani kumdanganya kwa faida yake.

Kosa hilo nalo tulifikirie kwa utulivu, maana linaonekana dogo. Mama anapunguza chakula cha baba kimyakimya. Baba naye anakula kaimati barazani kimyakimya. Kila mmoja anadhani anailinda amani. Sasa fuateni kinachotokea mwilini. Baba anakwenda kliniki, sukari iko juu, daktari anamwuliza kama anafuata masharti, naye anajibu, “Ndiyo, daktari.” Daktari anaamini kwamba dawa haitoshi, anaiongeza. Siku moja baba amepata homa au amechelewa kazini, hakula chochote, na ile dawa iliyopimwa kwa ajili ya mtu anayekula kaimati inaingia katika mwili mtupu. Ikiwa ni insulini au vidonge kama glibenklamaidi, sukari inaweza kushuka chini ya milimoli 4 kwa lita: jasho linamtoka, mikono inatetemeka, anaropoka, watu wanadhani amelewa. Hatari ni ile ile mama akimpunguzia wali kwa siri huku dawa ikibaki vile vile. Kwa hiyo uongo wa mezani haubaki mezani. Unaingia katika hesabu ya dawa, na hesabu yenye uongo inaweza kuua. (Kila mtu wa nyumba hiyo ajue la kufanya: kama bado anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu au vinne vya sukari katika maji, sukari ipimwe tena baada ya dakika kumi na tano, kisha ale. Akizimia, asitiwe kitu kinywani, akimbizwe hospitali. Ndiyo, sukari ile ile mliyokuwa mkiificha.)

Kwa sababu hiyo nashauri mwende kliniki wawili. Mgonjwa ndiye aseme alivyokula, kwa kinywa chake. Mwenzake asimsahihishe mbele ya daktari hata kama amesahau jambo; watazungumza njiani. Kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa miezi miwili au mitatu kitasema yaliyobaki, na ni heri kiseme kipimo kuliko mke. Nyumbani mkubaliane wazi: jambo gani mgonjwa anataka akumbushwe, na lipi hataki. Akivunja mapatano, aambiwe mara moja, chumbani, si mezani. Je, akivunja tena? Ataambiwa tena. Mungu mwenyewe hatushiki mkono kwa nguvu tunapoelekea dhambini, nasi hatuna ruhusa ya kumzidi katika ulinzi.

Kuhusu jirani niseme neno, maana pale Kibokoni mwezi wa Ramadhani haupiti bila sahani kubishwa mlangoni: mihogo ya nazi, ndizi mbivu, vibibi, tambi za sukari. Kuikataa sahani ya jirani ni kumkataa jirani. Ipokeeni kwa mikono miwili, igawanywe kwa wote, na mgonjwa aonje kidogo badala ya wanga wake wa jioni hiyo, si juu yake. Wala msimfiche jirani habari ya ugonjwa. Dini yake nayo humpa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, kwa hiyo ataelewa upesi kuliko mnavyodhani, na huenda kesho akaleta samaki. Sahani yake isirudi tupu.

Nasi pia tuna ruhusa zetu ambazo wengi hawazijui. Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, Kanisa halimlazimishi mgonjwa afunge chakula kwa kuhatarisha afya yake. Anaweza kujinyima kitu kingine. Na ile saa moja ya kutokula kabla ya Komunyo, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 919, inawaachilia wazee, wagonjwa na wanaowahudumia. Aliyekunywa dawa na kustaftahi kabla ya Misa ya asubuhi asikae kitini kwa hofu wenzake wakienda kukomunika.

Hadi hapa nimesema kana kwamba mgonjwa ni baba na mpishi ni mama. Nyumba nyingi ni kinyume, na hapo dhuluma huwa ya kimya zaidi. Mama mwenye kisukari huwapikia wote wanachopenda, kisha hula mwisho, kilichobaki, na mara nyingi kilichobaki ni wali na mchuzi, maana samaki na mboga vimekwisha. Hakuna anayemchunga, wala hakuna anayejua. Waulize waume kumi mke wake alikula nini jana mchana. Sijui kama wawili watajibu. Ewe baba, ikiwa mkeo ndiye mgonjwa, basi swali la sufuria moja ni lako wewe. Ni wewe utakayewaambia watoto kuwa wali wa nyumba hii sasa ni robo ya sahani. Ni wewe utakayepita sokoni kununua mchicha. Na ile desturi nzuri ya mke kutokula mpaka mume arudi, hata kama ni saa nne usiku, iondoe wewe mwenyewe, kwa maneno, asije akaona anakuvunjia heshima. Kwani dawa aliyokunywa jioni haikungojei. Mwambie ale saa moja, na sahani yako aifunike.